Lori limemgonga kaka akiwa kwenye baiskeli, sasa wanataka atie saini

Ndugu washauri,

Wiki tatu zilizopita kaka yangu, mwenye miaka 34, aligongwa na lori la mizigo lenye tela akiwa kwenye baiskeli akienda kazini, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Yeye na lori walikuwa wamesimama kwenye taa za makutano. Kaka alikuwa ubavuni mwa lori, upande wa ukingo wa barabara. Taa ilipowaka kijani lori likakata kona kuelekea upande huohuo aliokuwapo. Kichwa cha lori kilimpita salama, lakini matairi ya tela yakamkumba yeye na baiskeli. Amevunjika fupanyonga na mfupa wa paja, na ngozi ya mguu mmoja imechunika vibaya. Kichwa hakikuumia.

Dereva alisimama na polisi walifika. Tunaambiwa dereva ameandikisha kwamba baiskeli ndiyo iliyojipenyeza. Lori liliachiwa kesho yake na linaendelea na safari. Juzi mtu aliyejitambulisha kuwa ofisa wa kampuni ya usafirishaji alikuja wodini na karatasi: watalipa bili ya hospitali mpaka leo, waongeze fedha kidogo za kumsaidia, na kaka atie saini kwamba hana dai lingine. Alisema kaka hakuvaa helmeti hivyo sheria haimlindi. Kwamba dereva si mwajiriwa wao, hukodiwa safari kwa safari. Na kwamba polisi wasipomshtaki dereva hakuna kesi yoyote.

Baiskeli iko kituoni imepindika, na fundi anasema ataweza kuinyoosha. Kaka amechoka na maumivu, anataka asaini yaishe. Tuanzie wapi?

Dada mtu

---

Dada,

Pole sana, na umfikishie kaka pole zetu. Tunaanza na lililo la haraka kuliko yote: asitie saini.

Karatasi ile, hata ikiandikwa kwa lugha ya huruma, ni hati ya kumaliza madai. Mtu mzima akiisaini na kupokea fedha, mahakama huichukulia kuwa mkataba uliokamilika. Kuitengua baadaye kunataka uthibitishe udanganyifu, shinikizo, au kwamba alisaini akiwa hajitambui kwa dawa kali za maumivu, na hiyo ni kazi ngumu kuliko dai lenyewe. Wiki ya tatu hata daktari hawezi kusema mguu utakuwaje. Mfupa wa paja kwa kawaida huchukua miezi mitatu hadi sita kuunga, na wakati mwingine zaidi. Fupanyonga likiwa limevunjika mpaka kwenye kikombe cha kiungo, ugonjwa wa baridi yabisi unaweza kujitokeza miaka baadaye na kuhitaji kiungo bandia. Ngozi iliyochunika inaweza kuhitaji kupandikizwa zaidi ya mara moja. Kusaini leo ni kuuza vitu hivyo vyote kabla hamjajua idadi yake.

Kama kampuni inataka kulipa hospitali, ilipe. Malipo ya awali yanaruhusiwa na hayahitaji mtu aachilie dai lake. Waambieni walipe moja kwa moja kwenye kaunta ya hospitali, risiti itoke kwa jina la mgonjwa, na msiandike chochote zaidi ya kukiri kiasi kilichopokelewa. Wakikataa kulipa bila saini, mmeshajua walichokuwa wanakinunua.

Sasa kuhusu hilo lori linaloendelea na safari. Hapo ndipo penye hatari ambayo familia nyingi haziioni, kwa sababu macho yote yako wodini. Katika ajali ya baiskeli na gari dogo, ushahidi mwingi uko barabarani. Katika ajali ya lori la biashara, ushahidi mzito uko mikononi mwa mwenye lori, na unafutika wenyewe kila siku gari linapofanya kazi. Kompyuta ya injini katika malori mengi huhifadhi tukio la kufunga breki ghafla, na tukio jipya linaweza kufuta la zamani. Kamera ya dashibodi hurekodi juu ya picha za nyuma. Tairi lililokwisha hubadilishwa, kioo kilicholegea hukazwa, na karatasi za safari hutupwa.

Hata sheria zinazolazimisha kutunza kumbukumbu zina mwisho wake. Umoja wa Ulaya, kadi ya dereva kwenye takografu, kile chombo kinachorekodi mwendo na saa za kuendesha, lazima iweze kubeba angalau siku 28 za kazi, na kampuni hutakiwa kutunza rekodi kwa angalau mwaka mmoja. Marekani, rekodi za saa za kazi za dereva hutunzwa miezi 6, na ripoti za kila siku za ubovu wa gari miezi 3 tu. Muda huo ukipita, kampuni inaweza kufuta bila kuvunja sheria, isipokuwa kama imeshajulishwa kwamba dai linakuja. Hukutaja mko nchi gani, kwa hiyo tutaeleza yanayofanana karibu kila mahali na kuonyesha pale nchi zinapoachana. Hili la kutuma notisi mapema linafaa popote.

Basi andikeni barua ya kutaka ushahidi uhifadhiwe. Wakili ataiandika vizuri zaidi, lakini msisubiri kumpata. Inatosha iseme hivi:

«Tarehe fulani, saa fulani, mahali fulani, lori lenye namba hii na tela lenye namba hii lilimgonga fulani aliyekuwa kwenye baiskeli. Tunakusudia kudai fidia. Tunawataka mhifadhi, bila kufuta, kubadilisha wala kutengeneza: data ya takografu au kitabu cha saa za dereva kwa tarehe hiyo na siku 30 kabla yake, data ya jipiesi na ya kompyuta ya injini, picha zote za kamera za gari, fomu ya ukaguzi kabla ya safari, kumbukumbu za matengenezo ya breki, vioo, taa na matairi kwa miezi 12, hati ya mzigo na stakabadhi za mizani, mkataba wa safari hiyo, jalada la dereva, pamoja na leseni yake na mafunzo aliyopewa, na mawasiliano ya simu kati ya dereva na ofisi siku hiyo. Lori na tela visifanyiwe matengenezo ya sehemu zilizogusana na baiskeli kabla mtaalamu wetu hajavikagua. Ushahidi ukipotea baada ya barua hii, tutaiomba mahakama ichukulie kwamba ulikuwa dhidi yenu.»

Sentensi ya mwisho haipo kwa ajili ya kutisha. Mahakama nyingi zina mamlaka ya kufikia hitimisho hilo mhusika anapoharibu ushahidi akijua dai lipo, na ndiyo maana tarehe ya kupokelewa ina uzito kuliko ufasaha wa barua. Tumeni nakala kwa mmiliki aliyesajiliwa wa kichwa cha lori, kwa mmiliki wa tela (mara nyingi ni mtu mwingine kabisa), kwa kampuni ambayo jina lake liko mlangoni, na kwa kampuni ya bima. Majina haya hupatikana kwenye ripoti ya polisi, kwenye stika ya bima na kwa kutafuta namba ya gari katika mamlaka ya usajili. Pelekeni kwa mkono mgongewe mhuri kwenye nakala yenu, kisha mtume tena kwa baruapepe.

Stakabadhi ya mizani tumeitaja kwa makusudi, kwani watu huisahau. Inaonyesha uzito wa lori na saa lilipopita mizanini. Uzito unaeleza lingehitaji umbali gani kusimama. Saa, ukizilinganisha na mahali pa ajali, zinaweza kuonyesha dereva aliyeamka usiku wa manane na kuendesha bila kupumzika. Ulaya dereva haruhusiwi kuendesha kwa zaidi ya saa nne na nusu bila mapumziko ya dakika 45. Marekani dereva wa lori la mizigo haruhusiwi kupita saa 11 za kuendesha baada ya kupumzika saa 10 mfululizo. Rekodi zikionyesha kikomo kilivukwa, hoja inaacha kuwa neno la kaka dhidi ya neno la dereva.

Kamera za majengo jirani na za makutano hazingoji. Nyingi hujifuta baada ya siku chache au wiki kadhaa, na ninyi mko wiki ya tatu. Nendeni leo, mlango kwa mlango, mkiwa na kifaa cha kuhifadhia. Mwenye kamera akisita kuwapa nakala, mwombeni angalau aihifadhi asiifute, kisha polisi au wakili ataidai. Kabla hamjaondoka, angalieni saa inayoonyeshwa na kamera na muilinganishe na saa ya kweli, muandike tofauti hata kama ni dakika mbili. Bila hiyo, upande wa pili utasema picha ni ya muda mwingine. Ulizeni pia kama lori lilikuwa na utingo. Yeye huketi upande wa abiria, na katika kona ya aina hii huenda ndiye aliyekuwa na nafasi nzuri ya kumwona kaka.

Na fundi, mwambieni aiache hiyo baiskeli. Isinyooshwe, isioshwe, isiuzwe chuma chakavu. Gurudumu lililopinda, usukani uliogeuka na rangi ya lori iliyobaki kwenye fremu humwonyesha mtaalamu lori liligusa wapi kwanza na kutoka upande gani. Kama mguso wa kwanza uko ubavuni na si usoni mwa baiskeli, hadithi ya kujipenyeza inaanza kuyumba. Ipigeni picha kila upande mkiweka rula ndani ya picha, taa na viakisi vionekane vizuri. Polisi wakiiachia, chukueni hati ya makabidhiano. Nguo na viatu vya kaka wekeni kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, maana damu iliyofungiwa kwenye plastiki huota ukungu na kuharibu kitambaa.

Rudini pia pale makutano siku ya juma ileile na saa ileile, mpige picha mwanga ulivyo, mpime upana wa njia, umbali kutoka mstari wa kusimamia hadi mdomo wa kona, na kama kuna alama za njia ya baiskeli.

Sasa tuingie kwenye ajali yenyewe, kwa sababu ni aina inayojulikana sana na inajitetea vizuri ikielezwa sawasawa. Matairi ya nyuma ya tela hayafuati njia ya matairi ya mbele. Gari refu linapokata kona, tela hukata ndani zaidi, likikaribia ukingo. Dereva anayejua hilo kwanza hutanua kuelekea katikati ya barabara ili tela lisipande ukingo, na kwa kutanua hivyo anaacha nafasi ubavuni inayomfanya mwenye baiskeli aamini lori linaenda moja kwa moja. Kisha nafasi inafumba, na haifumbi kwa kichwa cha lori bali kwa tela, kama mlivyoeleza. Mwenye baiskeli aliyeko hapo hana pa kwenda.

Kwa hiyo kesi itazunguka maswali machache. Kaka alifika pale kabla ya lori, sambamba nalo, au baada yake? Dereva aliwasha indiketa wakati taa ikiwa nyekundu, au alipokuwa ameshaanza kugeuza usukani? Aliangalia kioo cha ubavu mara ngapi, na mara ya mwisho ilikuwa lini? Lori lilikuwa na kioo cha kuonyesha eneo la chini karibu na mlango, na kilikuwa kimeelekezwa sawasawa? Lilikuwa na vizuizi vya ubavuni, vile vyuma vinavyoziba nafasi kati ya matairi ili mtu asiingie chini?

Dereva akisema «sikumwona», msivunjike moyo. Kauli hiyo mara nyingi inawasaidia ninyi. Anayeendesha gari lenye sehemu asiyoiona anajua sehemu hiyo ipo, na kugeuza gari kuelekea huko bila kuhakikisha ndiyo maana yenyewe ya uzembe. Hatari hii inajulikana kiasi kwamba Umoja wa Ulaya unalazimisha malori mapya kuwa na mfumo wa kumwonya dereva kuhusu baiskeli iliyo ubavuni, kwa miundo mipya tangu Julai 2022 na kwa malori yote mapya tangu Julai 2024. London huyapima malori yenye uzito wa zaidi ya tani 12 kwa jinsi dereva anavyoona moja kwa moja kupitia madirisha. Hata pale sheria hizi hazifiki, wakili anaweza kuzitumia kuonyesha kwamba kampuni ya usafirishaji haiwezi kudai haikujua.

Turudi kwa ofisa na hoja zake, tukianza na helmeti. Kutovaa helmeti hakumwondolei mtu haki ya kudai. Swali la kisheria ni kama kutovaa kulichangia majeraha haya. Kaka amevunjika nyonga na paja, na hakuna helmeti inayokinga paja. Hata kwa jeraha la kichwa, anayetaka fidia ipunguzwe ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha kwamba helmeti ingesaidia. Uingereza, katika kesi ya Smith dhidi ya Finch ya mwaka 2009, jaji alikubali kwamba kutovaa kunaweza kuwa uzembe wa kuchangia, lakini hakupunguza chochote kwa sababu mdaiwa alishindwa kuthibitisha hilo. Hoja hii ya ofisa wekeni kando.

Suala zito zaidi, ambalo upande wa pili watalijia baadaye, ni uzembe wa kuchangia kwa ujumla: kwamba kaka alisimama mahali pa hatari, hakuwa na taa alfajiri ile, au aliingia baada ya indiketa kuwaka. Nchi nyingi hugawa lawama kwa asilimia. Akionekana amechangia 25, kila 100 inakuwa 75. Majimbo machache ya Marekani, yaani Alabama, Maryland, North Carolina na Virginia, bado yana kanuni ya zamani ambayo kosa dogo tu la mdai linaweza kumnyima kila kitu. Kwingine mizani imeinamia upande wa baiskeli. Ufaransa, chini ya sheria ya tarehe 5 Julai 1985, mwenye baiskeli aliyeumia mwilini hulipwa isipokuwa kosa lake halisameheki na ndilo pekee lililosababisha ajali. Uholanzi, mwenye baiskeli mtu mzima hupata angalau nusu ya hasara yake hata kama alikosea, ila kama kosa lake linakaribia kuwa la makusudi au mwenye gari athibitishe kwamba hakuweza kabisa kuizuia ajali. Hili muulizeni wakili siku ya kwanza: kwetu kosa la mdai linapunguza au linafuta?

Hoja ya dereva wa kukodi ndiyo inayopoteza watu wengi, maana inasikika kama sheria. Ukweli ni kwamba bima ya lazima hufuata gari, si mkataba wa kazi wa dereva. Na kuhusu mwenye kampuni, mahakama hutazama uhalisia kuliko jina la mkataba. Nani alipanga njia na saa ya kufika? Leseni ya usafirishaji ni ya nani? Jina la nani liko mlangoni? Nani alinunua mafuta, nani angeweza kumfukuza? Majibu yakielekea kwa kampuni, inawajibika kwa kosa la dereva aliyekuwa kwenye kazi yake. Tena inaweza kuwa na kosa lake yenyewe bila kujali dereva ni wa nani: kumpa gari mtu bila kukagua leseni, kupanga ratiba isiyowezekana bila kuvunja mwendo, au kuruhusu tela lenye breki mbovu kutoka getini. Aliyepakia mzigo vibaya na karakana iliyofanya matengenezo ya hovyo nao wanaweza kuunganishwa. Mkiwa na shaka, washtakini wote wanaohusika, wagawane lawama wenyewe mbele ya jaji. Kosa baya ni kumshtaki dereva peke yake, mkashinda, mkakuta hana kitu.

Kuhusu polisi: kesi ya jinai na dai la fidia ni njia mbili. Kumtia mtu hatiani kunahitaji uthibitisho usioacha shaka ya maana, lakini dai la fidia linahitaji tu kuonyesha kwamba jambo lina uwezekano mkubwa kuwa lilitokea kuliko kutotokea. Dereva asiposhtakiwa, au akiachiwa, dai lenu bado lipo. Akitiwa hatiani, hukumu hiyo ni ushahidi wenye nguvu katika dai, na katika nchi kama Kenya sheria ya ushahidi huifanya kuwa uthibitisho wa mwisho wa hatia yake.

Lakini kuna jambo la kufanya kituoni sasa hivi. Kwa maelezo yako, dereva ameshaandikisha upande wake na kaka yuko wodini. Inawezekana jalada lote lina sauti moja. Ombeni mpelelezi aje hospitalini achukue maelezo ya kaka, daktari akithibitisha kwamba ana utulivu wa akili. Aseme anachokumbuka tu, na asichokumbuka aseme hakumbuki. Kukisia mwendo au umbali siku hiyo kutamrudia mahakamani mwaka ujao. Chukueni namba ya tukio, mchoro wa ajali na ripoti. Na kama kaka ataletewa shtaka la trafiki pamoja na faini ndogo, asiilipe ili yaishe kabla ya kumwona wakili, kwa kuwa kulipa kunaweza kusomwa kama kukiri kosa.

Hospitalini, hakikisheni fomu ya polisi ya matibabu imejazwa, ile inayoitwa PF3 Tanzania na P3 Kenya, na jeraha kila moja limeandikwa. Jeraha lisiloandikwa wiki za mwanzo baadaye huitwa la kubuni. Kama goti linauma au ganzi haijaisha, daktari aambiwe na aandike. Piga picha za kidonda kila wiki. Kliniki isikosekane hata moja bila sababu iliyoandikwa, na kaka asiweke picha zake mitandaoni. Picha moja akitabasamu kwenye sherehe itawekwa mbele ya jaji.

Fidia yenyewe ina sehemu mbili, na kanuni zake hazifanani. Gharama zilizokwisha kutumika hutajwa moja moja na kuthibitishwa moja moja: dawa, upasuaji, magongo, nauli za kliniki, mshahara uliopotea, baiskeli. Hapa risiti ndiyo mfalme, na mahakama za Afrika Mashariki ni kali sana: kisichotajwa kwenye madai na kuthibitishwa hakilipwi, hata kama jaji anaamini kilitumika. Nunueni daftari moja, kila matumizi yaandikwe siku hiyohiyo na risiti ibandikwe. Kama kipato cha kaka si cha mshahara, kusanyeni taarifa za fedha za simu na vitabu vya mauzo vya mwaka mmoja kabla ya ajali. Sehemu ya pili ni maumivu, ulemavu na uwezo wa kazi uliopotea, ambayo mahakama hukadiria kwa kulinganisha na hukumu za majeraha yanayofanana. Ndani yake hukaa pia matibabu yajayo: kutoa vyuma, kubadilisha nyonga, mtu wa kumsaidia. Daktari ayaandike kwenye ripoti kwa gharama, la sivyo yatasahaulika. Na wewe dada, andika saa unazotumia kumhudumia. Uingereza, na kwingineko, huduma ya ndugu isiyolipwa inadaiwa.

Kwa kuwa alikuwa njiani kwenda kazini, ulizeni mwajiri wake kuhusu fidia ya ajali za kazini. Ujerumani safari hiyo inahesabiwa, nchi nyingine haihesabiwi, lakini kuna muda wa kutoa taarifa na huwa mfupi.

Bima nayo ina mipaka. Kenya, bima ya lazima haiwajibiki kulipa zaidi ya shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja aliyeumia. Kinachozidi hutafutwa kwa mmiliki. Marekani, malori makubwa ya mizigo ya kawaida yanayovuka majimbo hulazimika kuwa na bima ya angalau dola 750,000. Kuna nchi ambako unaidai kampuni ya bima moja kwa moja, kama zile za Umoja wa Ulaya, na kuna ambako unashinda kwanza dhidi ya mwenye gari ndipo uidai bima itekeleze hukumu, kama Kenya. Katika mfumo huo wa pili bima lazima ijulishwe rasmi kesi inapofunguliwa. Notisi ikisahauliwa, mnaweza kushinda kesi na bima isiguswe. Wakili mzuri atawaonyesha nakala ya notisi hiyo bila kuulizwa mara mbili.

Msomaji ambaye lori lililomgonga lilikimbia asikate tamaa: nchi kadhaa zina mfuko wa kuwalipa waliogongwa na magari yasiyojulikana au yasiyo na bima, kama Motor Insurers' Bureau ya Uingereza, ila hutaka ajali iripotiwe polisi mapema.

Muda wa kufungua dai ni miaka 3 Kenya, Tanzania na Uingereza, na ni mwaka 1 tu katika jimbo la Tennessee. Lori likiwa la serikali muda unafupika: Kenya miezi 12, na California dai lazima liwasilishwe serikalini ndani ya miezi 6. Katika nchi nyingi mazungumzo na bima hayasimamishi saa hiyo. Bima inayowaambia «tunashughulikia» mwezi baada ya mwezi mara nyingi haivunji sheria yoyote siku muda ukiisha.

Kumchagua wakili, muulizeni amewahi kuendesha kesi ngapi za magari ya biashara, na atadai rekodi zipi kwa kampuni. Asipotaja saa za dereva wala matengenezo, tafuteni mwingine. Malipo ya asilimia ya fidia yanaruhusiwa Marekani, lakini Kenya makubaliano ya kumlipa wakili kwa kushinda tu hayatambuliwi. Mtu yeyote anayezunguka wodini akisaka wagonjwa wa ajali msimsainie hata karatasi moja.

Mpangilio basi ni huu. Leo: kamera za makutano, na baiskeli izuiwe kunyooshwa. Kesho: barua ya kuhifadhi ushahidi ifike kwa wote na mhuri upigwe. Ndani ya wiki: maelezo ya kaka polisi, fomu ya matibabu, wakili. Kiasi cha kudai kisitajwe kwa mtu yeyote mpaka daktari aandike kwamba hali imetulia, hata ikichukua mwaka, ilimradi muda wa kisheria haujakaribia.

Na ile karatasi ya ofisa, kama aliacha nakala, msiichane. Ipigeni picha, andikeni kando tarehe aliyokuja na nani walikuwepo, muikabidhi kwa wakili. Mazungumzo ya suluhu mara nyingi hulindwa yasitumike mahakamani, na yeye ataamua hilo. Lakini angalieni kichwani mwa karatasi kuna jina na anwani ya kampuni gani, na chini namba ya lori gani. Kampuni inayosema dereva si wake imeandika humo kwamba safari ile inaijua, na anwani hiyo ndiyo ya kwanza kupelekewa barua kesho asubuhi.